Sikio la Fundi Mitambo: Uhakiki wa Nafasi ya Studio katika Sera ya Kiswahili, kwa Kurejelea Kikuubo, Kampala

Ikisiri

Mijadala kuhusu Kiswahili nchini Uganda imejikita katika kitabu, mwalimu na mtihani. Makala haya yanauhakiki mwelekeo huo kwa kuutazama kutoka Kikuubo, eneo la biashara ya jumla jijini Kampala, ambako Kiswahili huishi zaidi masikioni kuliko kwenye karatasi. Hoja kuu ni kwamba fundi mitambo wa studio ya kurekodi ni mhariri wa lugha inayosemwa, kwani maamuzi anayoyafanya kwenye mitambo hugusa sarufi, matamshi na maana. Makala yanaonesha kuwa wahakiki wa nyimbo, waundaji wa istilahi na watunga sera wote wamempuuza mhariri huyu, na yanapendekeza namna ya kumshirikisha.

1.0 Utangulizi

Kikuubo ni neno la Kiganda lenye maana ya ujia mwembamba, na jina hilo linaisadifu hali. Katikati ya jiji la Kampala, karibu na vituo vya mabasi na eneo la Nakivubo, maduka ya jumla yamebanana pande mbili za njia ambamo wachukuzi hupita na mizigo huku wakipiga kelele wapishwe. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na biskuti hutoka hapa kwenda wilayani na nchi jirani. Lugha kuu ya mapatano ni Kiganda. Kiswahili huingia pale mnunuzi anapotoka mashariki ya Kongo, Kenya au Tanzania, au pale Waganda wa makabila mbalimbali wanapotafuta lugha isiyo ya mmoja wao.

Mahali hapa panafaa kwa uhakiki kwa sababu panaipa sera mtihani usioandaliwa na baraza lolote. Historia ya Kiswahili nchini Uganda ni historia ya matamko. Mwaka 1928 Gavana William Gowers alitaka lugha hii ipewe nafasi kubwa katika elimu, na mwaka uliofuata Kabaka Daudi Chwa akampinga waziwazi. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika kwa namna ambayo Bunge litaamua kisheria. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Matamko yote hayo yameshughulikia lugha gani itumike. Machache sana yameuliza itasikika kwa sauti ya nani, na itasikika vipi.

Swali hilo si la pambo. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa, Kiswahili kilifika masikioni kama sauti ya kambi ya jeshi, yaani sauti ya amri. Sifa hiyo haitafutwa na kitabu cha kiada pekee. Itafutwa na sauti nyingine, na sauti za leo hupita studio kabla ya kumfikia msikilizaji.

2.0 Uhakiki unaosoma na kusahau kusikiliza

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili umezoea kuanza na unukuzi. Mtafiti huandika maneno ya wimbo, huyapanga kama beti, kisha huchambua tamathali, dhamira na uchanganyaji wa msimbo. Mbinu hii imezaa matunda mengi, lakini ina kasoro ya msingi: humchukulia mtu aliyerekodi kama tarishi aliyebeba barua bila kuifungua.

Historia ya kurekodi inakanusha dhana hiyo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu. Utenzi uliozoea kurefushwa barazani kwa mujibu wa hamu ya hadhira ulilazimika kukatwa ili utoshe. Mkato huo ulikuwa uhariri, hata kama haukufanywa kwa kalamu. Hugh Tracey, aliyerekodi nchini Uganda mwaka 1950 na 1952, alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye ala. Anayesikiliza kazi hizo leo anasikia ngoma pamoja na chaguo la Tracey kuhusu nani awe mbele na nani awe nyuma.

Hali kadhalika katika muziki wa kizazi kipya. Jose Chameleone, anayechanganya Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, alianza kujulikana kwa kazi alizorekodi Nairobi chini ya Ogopa Deejays. Mhakiki anayehesabu maneno ya Kiswahili katika nyimbo za aina hiyo, bila kuuliza ni neno gani lilirudiwa kwa sauti mbili au tatu, lipi lilipewa mwangwi na lipi lilizikwa chini ya besi, anahakiki nusu ya matini. Msikilizaji wa Kikuubo hana karatasi ya maneno. Kilichozikwa na fundi, kwake hakikusemwa.

3.0 Mitambo na sarufi

Uzito wa hoja hii unaonekana wazi zaidi katika mambo matatu ya kiufundi.

La kwanza ni kifaa kinachofunga njia ya sauti kila inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, ili kelele ndogondogo zisiingie. Katika studio ndogo za mjini, ambamo jenereta na honi za pikipiki hupenya ukutani, fundi hushawishika kukipandisha kiwango hicho. Athari yake kwa Kiswahili si sawa na athari yake kwa Kiingereza. Kiswahili huweka sehemu kubwa ya sarufi yake mwanzoni mwa neno, katika silabi nyepesi ambazo mkazo hauzifikii. Nazali ya mwanzo katika "mlipe" ni hafifu kuliko silabi inayofuata, nayo ndiyo inayobeba mtendwa. Ikimezwa, msikilizaji hajui kama ameambiwa "mlipe kesho" au "nilipe kesho". Vivyo hivyo, "alimpa pesa" na "alipa pesa" hutenganishwa na nazali moja. Katika ujia ambamo mali huuzwa kwa mkopo wa kuaminiana, tofauti hizo ni tofauti za deni.

La pili ni ubanaji wa sauti, yaani kushusha sehemu zenye nguvu na kupandisha zilizo dhaifu ili usemi wote ulingane. Ubanaji ukitumiwa kwa kiasi humsaidia msikilizaji aliye penye kelele, kwa kuwa hunyanyua zile silabi nyepesi zilizotajwa. Ukizidi, hunyanyua pia kelele za chumba na kupunguza tofauti kati ya silabi yenye mkazo na isiyo nao. Mkazo wa Kiswahili hujengwa pia kwa kidatu na urefu, hivyo haupotei wote. Hata hivyo, jozi kama "barabara" yenye maana ya njia, inayokazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na "barabara" yenye maana ya sawasawa, inayokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, hutegemea tofauti hiyo hiyo. Fundi anayenyoosha kila kitu ili wimbo upige kwa nguvu anaweza kuiacha jozi hiyo ikining'inia kwenye muktadha pekee.

La tatu ni matamshi yenyewe. Katika Kiganda, [l] na [r] ni sura mbili za fonimu moja: [r] hutokea baada ya irabu za mbele, [e] na [i], na [l] kwingineko. Msemaji anayeibeba kanuni hiyo katika Kiswahili huweza kutamka "kura" kama "kula". Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Kuna sikio la fundi linalotambua, na ujasiri wake wa kumwomba msemaji arudie. Hapa ndipo ustadi wa fundi unapokuwa ustadi wa lugha. Tangazo la uchaguzi linalosema "kula" badala ya "kura" ni kosa la maana, na lirudiwe. Wimbo wa mapenzi ulioimbwa kwa lafudhi ya Kampala, usiopotosha neno lolote, hauna kosa, na haustahili kusafishwa hadi usikike kana kwamba umetoka Dar es Salaam. Fundi asiyejua Kiswahili atauacha upotoshaji upite, na fundi mwenye kasumba ya usanifu atafuta utambulisho. Kazi inamtaka mtu anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Mafundi wenye uzoefu wana desturi ya kuusikiliza mchanganyo wao kwenye spika kubwa za studio na pia kwenye spika ndogo na simu, kwa sababu huko ndiko kazi itakakosikilizwa. Simu za mfumo wa zamani hupitisha masafa ya takriban 300 hadi 3,400 Hz tu, ilhali sehemu kubwa ya mvumo wa "s" huwa juu ya hapo, na ndio unaosaidia kuitofautisha na "f". Kipaza sauti cha mkononi, kile kinachorudia bei ileile kutwa nzima katika mitaa ya biashara ya Kampala, nacho kina upungufu wa namna hiyo. Nyenzo ya Kiswahili iliyokaguliwa katika chumba kimya kwa hedifoni za gharama bado haijakaguliwa kwa ajili ya Kikuubo.

4.0 Neno moja, ncha mbili

Upungufu wa istilahi unaidhihirisha pengo kati ya mabaraza na studio. Katika matumizi ya kawaida, "kipaza sauti" huitwa kile chombo anachokisemea mtu, na huitwa vilevile kile kinachotoa sauti kwa umma. "Kinasa sauti" nacho huweza kuwa maikrofoni au mashine ya kurekodia. Kwa msomaji wa gazeti hilo si tatizo. Kwa fundi, hizo ni ncha mbili za mnyororo mmoja, na anayeambiwa "sogeza kipaza sauti" hana budi kuuliza kipi. Ndiyo maana studioni husemwa maikrofoni na spika, na hakuna anayedhani kuwa Spika wa Bunge ameitwa.

Cheo cha mtendaji mwenyewe kinayumba. "Fundi mitambo" lina mizizi katika utangazaji wa redio. "Mhandisi wa sauti" linanukia cheti. "Prodyuza" limetanda mtaani, ingawa humchanganya anayerekodi na anayebuni mdundo au hata anayelipia kazi. Kamati za istilahi zina mwelekeo wa kutibu hali hii kwa kubuni neno jipya na kulichapisha. Kosa la utaratibu huo ni kudhani kuwa studio haina maneno. Studio inayo maneno yake, na yamekwisha kupimwa kazini. Kamati inapaswa kwanza kuyakusanya, kisha kuonesha yanapogongana, na kubuni jipya pale tu ambapo kweli kuna pengo.

5.0 Pingamizi

Yamkini itasemwa kuwa hoja hii inampa fundi mamlaka asiyoyaomba. Mafundi wengi hulipwa kwa wimbo, hushindana kwa bei, na mteja ndiye mwenye neno la mwisho. Pingamizi hilo lina ukweli, na linaiimarisha hoja badala ya kuibomoa: ikiwa maamuzi ya lugha yanafanywa kwa haraka na mtu asiyelipwa kuyafanya, ubora wake umeachiwa bahati.

Pingamizi zito zaidi ni hatari ya kumgeuza fundi kuwa polisi wa matamshi. Pwani, "paa" lenye mpumuo ni mnyama na lisilo na mpumuo ni sehemu ya nyumba. Wasemaji wengi wa bara hawana tofauti hiyo na wanaelewana vyema. Kuidai Kampala kungekuwa kurejesha sauti ya amri kupitia mlango wa studio. Kigezo kinachotetewa hapa ni chembamba: fundi ailinde maana, na aiachie lafudhi nafasi yake.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili cha Uganda hakitapokewa kwa sababu kimetangazwa tena. Kitapokewa kikisikika kama lugha ya mtu anayeuza, anayefundisha, anayeomba radhi na anayetania. Ili kisikike hivyo, hatua nne zinahitajika.

Kwanza, wanaoandaa nyenzo za kusikiliza kwa ajili ya shule wamshirikishe fundi mitambo tangu uandishi wa matini, si siku ya kurekodi pekee, na washirikishe sauti za Waganda wenyewe. Pili, kila nyenzo ijaribiwe kupitia simu na spika ndogo, mahali penye kelele, kwa wasikilizaji ambao Kiganda au lugha nyingine ya Uganda ndiyo lugha yao ya kwanza. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha yakusanye istilahi za sauti kutoka studio za ukanda huu kabla ya kusanifisha. Nne, rekodi zinazogharimiwa na umma zihifadhiwe pamoja na sauti ghafi, kabla ya kubanwa na kuchujwa. Chuo Kikuu cha Makerere tayari kinahifadhi nakala za rekodi za Klaus Wachsmann, zilizofanywa miaka ya 1940 na 1950. Watafiti wa miaka sabini ijayo wanastahili kusikia sauti za leo kabla mashine haijazigusa.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji tamko jipya. Zinahitaji watunga sera wakubali kwamba lugha inayosemwa ina wahariri wake, na kwamba baadhi yao wameketi katika vyumba vidogo vya Kampala, hedifoni masikioni, wakisubiri kuulizwa.