Fremu Inayokaa Nyuma ya Mtoto

Mtoto wa miaka 6 alishushwa mgongoni mwa mama yake, akasimamishwa kwenye baraza ya saruji ya nyumba yao, Moshi. Mbele yake hapakuwa na kitu. Fremu ya bomba la aluminiamu yenye magurudumu manne ilikuwa nyuma, imemzunguka kiunoni, naye ameshika vishikio vya ubavuni. Bibi yake akauliza, "Mbona mmemvisha kinyume?" Swali hilo linastahili jibu, maana hatua zote za mtoto zimetokana na kinyume hicho.

Mtoto ana mtindio wa ubongo unaokaza miguu. Misuli ya nyonga na ya nyuma ya mapaja huvuta, magoti hupinda, mapaja hubanana, visigino haviigusi sakafu. Kwa kipimo cha uwezo wa kujongea kiitwacho GMFCS, kilichochapishwa mwaka 1997 na chenye ngazi 5, yuko ngazi ya 3: anatembea akiwa na kifaa cha kushika. Awali alipewa woka ya kuweka mbele. Kila alipoisukuma ilimkimbia, akaifuata ameinama, uzito wote mabegani, nyonga zimebaki nyuma, macho sakafuni.

Fremu ya nyuma huvutwa, haisukumwi. Ili mikono ikae kwenye vishikio vya ubavuni, lazima mabega yarudi nyuma na kifua kifunguke. Mwili ukinyooka, uzito unashuka kwenye nyayo. Tena magurudumu ya nyuma yana kizuizi, yanazunguka kwenda mbele tu. Mtoto akiyumba kinyumenyume fremu haimponyoki. Makalio yanagusa bomba la nyuma, naye anajua mahali pa kujirekebisha.

Vipimo ndivyo vilivyochukua muda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitumia utepe wa fundi cherehani, akaweka vishikio karibu na usawa wa nyonga, kiwiko kikipinda kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Nilimwona akihamisha pini ya urefu tundu moja juu, tundu moja chini, kisha juu tena, kila mara akitazama magoti. Fremu ilipozidi urefu, mabega yalipanda kuelekea masikioni. Ilipopungua, mtoto aliinama. Magurudumu ya mbele, ambayo huweza kugeuka pande zote, aliyafunga kwanza yaende moja kwa moja, mtoto asihangaike na mambo mawili kwa mpigo.

Siku ya kwanza hakupiga hatua hata moja. Mama alikaa mkekani mbele yake na mpira. Kwa kuwa fremu iko wazi upande huo, mtoto aliachia mkono mmoja na kuunyoosha, uzito ukahamia mguu wa kulia. Mpira ukapelekwa upande wa pili, uzito ukahamia kushoto. Bila kuhama huko mguu hauinuki, kwa hiyo mchezo ndio uliokuwa somo. Hatua zilifuata baadaye, kisha kona, ambazo zilimsumbua zaidi: fremu hiyo ni kama gari lisilo na rivasi, lazima izungushwe.

Ua wa nyumba nao ulikuwa na lake. Magurudumu madogo yanateleza vizuri barazani lakini yanazama kwenye mchanga. Baba alishindilia kifusi, akatengeneza njia kutoka barazani hadi chooni. Urefu nao utapimwa upya kadiri mtoto anavyokua. Moshi hiyohiyo ina chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, kwa hiyo utaalamu wa kumpimia mtu kifaa chake si mgeni hapa. Nasisitiza hili kwa sababu vifaa vingi hukabidhiwa kwa picha na makofi, kisha mtoto anaachwa na chuma asichokiweza. Kupima, kufundisha na kurudi kupima ni sehemu ya kifaa chenyewe.

Juzi bibi alimkuta mjukuu katikati ya njia ya kifusi, mgongo umenyooka. Alikuwa anatoka chooni, na hakuna aliyekuwa amembeba.