Misa Iliyozaliwa Kamina Imerudi kwa Njia ya Simu



Jioni moja, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, vijana wawili walitufuata na simu mkononi. "Mwalimu," wakasema, "sikiliza kitu hiki. Tumekiokota kwenye intaneti. Ni cha ajabu." Tukasikiliza. Sauti ya mwanaume mmoja ilitangulia, watoto wakaitikia, ngoma zikafuata. Tukawauliza: "Wimbo huu watoka wapi?" Mmoja akajibu kwamba ni wa Afrika ya Kusini. Mwenzake akabisha, akasema ni wa Kameruni. Hakuna aliyesema Kamina. Nasi tulinyamaza kwa muda, kwa maana wimbo ule ulikuwa Kyrie ya Missa Luba, nayo Missa Luba ilizaliwa hapa hapa tulipokuwa tumesimama.

Basi leo twataka kuipima Misa hiyo. Sifa zake zimeenea dunia nzima, lakini kusifu si kupima.

Kwanza tuseme neno juu ya mahali vijana walipoiokota. Intaneti yafanana na stesheni yetu siku treni inapofika: watu wengi, mizigo mingi, kelele nyingi, na mwizi hakosi. Huko utamkuta mtu anayepiga chupa na sufuria mpaka zikatoa wimbo mzima. Utakuta mashine inayoimba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Utakuta kwaya ambayo kila mwimbaji wake yuko katika nchi yake, na sauti zao zimeunganishwa baadaye. Vijana hupenda mambo hayo, nasi hatuwagombezi. Ajabu si dhambi. Lakini ajabu huchakaa upesi kama nguo ya bei rahisi. Ndiyo sababu twawafundisha swali moja tu: je, nikiusikia wimbo huu mara ya kumi, bado utakuwa na kitu cha kunipa?

Kuna nyimbo zinazoshinda jaribio hilo hata zisipokuwa za kanisani. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akanasa sauti ya kijana Mwenda Jean-Bosco na gitaa lake. Wimbo wake Masanga unapigwa na mtu mmoja, na bado msikilizaji hudhani magitaa ni mawili. Leo kijana wa Kamina aweza kuusikia kwa mega chache. Huyo hakuhitaji chupa wala mashine ili kutustaajabisha.

Sasa turudi kwenye Misa yetu. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Alisikia watu wakiimba, akapenda alichosikia, akakusanya watoto wapata 45 na waalimu wapata 15 wa shule ya hapa. Kundi hilo likaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wa Wabelgiji wa siku zile. Mwaka 1958 Misa iliimbwa kwanza hapa Kamina, kisha kundi likasafiri Ulaya: Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba katika Maonyesho makubwa ya Brussels, tena waliimba pamoja na wavulana wa kwaya ya Vienna. Misa ikatiwa katika sahani ya santuri. Watoto wa reli na vumbi la Kamina wakasikika katika nyumba za watu wasioweza kuonyesha Kamina kwenye ramani.

Jambo la kushangaza ni hili: Misa ile haikuandikwa kwanza kwenye karatasi. Maneno yalikuwa ya Kilatini, kama Eklezia ilivyoagiza kwa Misa ya kuimba wakati ule, lakini sauti zilitafutwa na waimbaji wenyewe kwa pamoja, kila mmoja akiongeza kipande chake kama wafanyavyo watu wetu penye ngoma. Karatasi za noti zilikuja baadaye, zikifuata sahani. Huo ndio ubunifu wa kweli. Hawakutafuta kigeni ili wastaajabishe watu. Walichukua kilichokuwa nyumbani, wakakipeleka altareni.

Tuangalie walivyochagua. Kyrie yafuata namna ya kasala. Waluba wa Kasai wanajua kasala ni nini: ni maneno ya kumtaja na kumsifu mtu pamoja na ukoo wake, nayo husikika hasa penye matanga. Tulimpelekea mzee mmoja wa parokia Kyrie ile, bila kumwambia jina lake. Kilatini hajui. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, halafu akasema: "Hapa kuna mtu analiliwa." Twaona kwamba alitoa hukumu bora kuliko maprofesa. Kwa maana anayemwomba Mungu huruma anajililia mwenyewe, mtu aliyekufa kwa dhambi zake. Wangeweza kuchagua wimbo wa furaha, na Ulaya ingepiga makofi vile vile. Walichagua kilio, kwa sababu walielewa maneno.

Vivyo hivyo katika Credo. Wanapofika kwenye kusulibiwa kwa Bwana, ngoma inalia kama inavyotangaza kifo kijijini. Mkristu asiyejua neno moja la Kilatini ataelewa kwamba mtu wa kwetu amefariki. Hiyo ni katekesi, nasi tunaofundisha katekesi twaweza kuwaonea wivu waimbaji wale, maana sisi tungetumia nusu saa kueleza jambo hilo.

Tena Sanctus. Wimbo huu umejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Wako watakaouliza: je, hilo si kosa? Sanctus ni wimbo wa malaika mbinguni, na mbinguni hakuna kuagana. Sisi pia tulikuwa na mashaka hayo. Lakini tuliposikiliza mara nyingi tulibadili maoni. Katika Misa, Sanctus yaja kabla ya maneno ya karamu ya mwisho, nayo karamu ile ilikuwa usiku wa Bwana kuagana na rafiki zake. Basi wimbo waanza polepole, kama watu waliosindikizana mpaka njia panda na hakuna anayetaka kugeuka wa kwanza. Halafu Hosanna yaingia kwa mwendo wa ngoma ya Kasai, na huzuni yote yainuliwa. Yote hayo hayazidi dakika 2. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

Lakini tusifiche kasoro. Ya kwanza: Misa hii yawaacha waamini kimya. Mwimbaji anaimba, kwaya inaitikia, nao watu waliojaa kanisa hawana sehemu yao. Tangu Mtaguso wa Vatikano wa pili, ulioagiza mwaka 1963 kwamba watu washiriki kwa bidii na kwamba nyimbo za mataifa ziheshimiwe, twajua kwamba hiyo haitoshi. Tena, mbali na sehemu tuliyoisifu, Credo yakimbiza maneno mpaka yanafanana na mvua juu ya mabati. Anayefurahi ni sikio. Akili haipati nafasi.

Ya pili ni kasoro ya wale walioipokea. Wimbo usio na jina la mahali hugeuka kuwa pambo. Mwaka 1964 Bwana Pasolini aliweka Gloria yetu katika sinema yake ya Injili ya Mateo, na hapo ilikaa vizuri. Mwaka 1968 Bwana Lindsay Anderson aliweka Sanctus katika sinema ya wanafunzi Waingereza wanaoasi shule yao. Hatusemi ni kufuru. Twasema tu kwamba waliotazama walisikia Afrika, porini, hasira, lakini hawakusikia Mtakatifu mara tatu. Na vijana wetu wawili waliosema Afrika ya Kusini na Kameruni wamefanya kosa lile lile, ingawa walizaliwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ilipozaliwa Misa hii.

Ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi. Jina la mfalme liko. Jina la Padri Haazen liko, nasi twalipa heshima, kwa maana alisikiliza wakati ambapo wengine wengi walikataza ngoma mlangoni mwa kanisa. Jina la Joachim Ngoi, mwalimu aliyeimba sauti ya peke yake, linajulikana pia. Lakini watoto wale 45? Misa waliyoitengeneza kwa vinywa vyao mara nyingi yatajwa kuwa ya mtu mmoja. Ukitafuta kwenye intaneti utapata sauti zao zote, safi kama za jana, nayo majina yao hutayapata pale. Twauliza: sauti yaweza kuzunguka dunia miaka zaidi ya 60, nalo jina lisipite hata mto Lomami?

Karibu na mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Bwana Boniface Mganga, iliiimba Misa hii upya. Vijana waliipata nayo pia, tukalinganisha. Wakenya wana nguvu, sauti zao ni pana, kila mmoja ajua mahali pake. Lakini ni kwaya ya watu wazima. Katika sahani ya zamani kuna watoto, na mtoto anayeimba kilio hukigusa kifo bila kukijua. Kitu hicho hakinunuliwi kwa mazoezi. Hata hivyo twawashukuru: walithibitisha kwamba Misa hii yaweza kuishi mbali na waliyoizaa.

Basi tufanye nini sisi wa Kamina? Vijana walitaka kuiga sahani neno kwa neno na kuiimba siku ya Pasaka. Tuliwaambia waijifunze, ndiyo, maana ni urithi wao. Lakini kumwiga mtu aliyebuni si kumfuata. Wale wa 1958 walikwenda kwa wazee wao wakachukua kilio, wimbo wa kuagana na ngoma ya furaha. Ninyi nendeni kwa wazee wenu. Ulizeni bibi zenu walivyomlilia mtu, walivyombembeleza mtoto, walivyoimba wakitwanga. Kisha leteni hayo mbele ya Paroko, tuone ni lipi lafaa kwa Mungu na ni lipi libaki nyumbani.

Na mkiliweka jambo lenu kwenye intaneti, andikeni mji, lugha, mwaka, na jina la kila mwimbaji, hata la yule mdogo anayepiga kayamba nyuma. Vijana wamekwisha kununua daftari. Katika ukurasa wa kwanza wameandika Kamina, na chini yake majina 22.