Memo zetu na ile miezi mitatu

Wandugu, kuna aina moja ya maandishi ambayo sisi wenye diploma tunaandika kuliko zingine zote, na hakuna mtu anayeichambua kama maandishi. Ni memo. Ile barua ndefu ya kumwomba mukubwa wa Leta, ao kumdai. Watu wanachambua riwaya, wanachambua nyimbo, hata mahubiri ya Jumapili yanachambuliwa ku avenyu. Lakini memo inapita tu. Inasomwa kwa sauti mbele ya ofisi, inapigwa picha, inatumwa ku WhatsApp, kiisha inakufa.

Mimi nimezisoma nyingi mwaka huu, sababu vijana wa kartie wakisikia mtu amesoma, wanamletea asahihishe Kifaransa. Zinafanana kama watoto wa nyumba moja. Nusu ukurasa ya kwanza ni heshima. Halafu historia ya inchi tangu 1960. Halafu maombi: amani irudi Mashariki, walimu walipwe, barabara ya taifa itengenezwe, vijana wapate kazi, umeme uwake, waziri fulani ajiuzulu. Na huku chini, namba ya tisa ao ya kumi, unakuta mustari mumoja: bomba la avenyu yetu limekauka. Bomba njo lilitoa watu ku nyumba! Njo sababu bamama walitia majina yao! Sasa limezikwa chini ya mambo yote ya Kongo.

Mwishoni kuna vitu viwili ambavyo havikosekani. Cha kwanza, orodha ya kopi: Rais wa Jamhuri, Waziri Mkuu, gavana, askofu, MONUSCO, mabalozi. Cha pili, tisho: tunawapa saa 48.

Sisemi maombi yale ni mabaya. Kila moja ni la haki. Ninasema kwamba barua ya kila mtu haina mwenyewe. Jiweke mahali pa mkuu wa komini anayeifungua asubuhi. Anaona amani ya Mashariki: si kazi yake. Anaona mishahara ya walimu: si kazi yake. Anaona Rais amepewa kopi: basi, mukubwa atajibu. Akifika ku namba ya tisa amekwisha kutulia, anaweka karatasi pembeni na roho safi. Memo yetu yenyewe njo imemupa ruhusa ya kukaa kimya.

Na ile saa 48 inaniumiza zaidi, sababu inatupa ovyo kitu ambacho sheria ilitupa. Fungueni Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 27. Inasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya Leta, na mamlaka hiyo inajibu ndani ya miezi mitatu. Inaongeza kwamba mtu hawezi kushitakiwa, kwa namna yoyote ile, juu ya kufanya vile. Ni mistari michache tu. Nimeuliza vijana wengi waliokwisha kusaini memo, na wengine wanasoma sheria, kama wanajua kifungu hiki. Wachache sana walikijua, na katika hao hakuna aliyewahi kuhesabu ile miezi.

Hesabu ni nyepesi. Ukipeleka barua tarehe 2 Februari na ukatoka na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe 2 Mei njo mwisho. Kuanzia 3 Mei, ofisi isiyojibu haijakudharau wewe tu, imevunja Katiba, na wewe una karatasi ya kuonyesha tarehe. Lakini saa 48 zikipita na hamna kitu cha kufanya, nani anaaibika? Ni ninyi. Mukubwa anajifunza kwamba tisho lenu ni hewa, na kartie inajifunza pia. Kwa hiyo ule muhuri ni wa maana kuliko picha ya kundi zima mbele ya ofisi. Nimeona picha nyingi. Kopi zenye muhuri zilizotunzwa vizuri, karibu hakuna.

Najua jibu lenu: « Katiba ya wapi? Hii ni Kongo. » Ni neno la haki, sitalikimbia. Fred Bauma na wenzake walikamatwa Kinshasa tarehe 15 Machi 2015 katika kikao cha vijana juu ya demokrasia, na yeye alitoka gerezani mwezi wa Agosti 2016. Miezi kumi na saba, na Katiba ilikuwa palepale na vifungu vyake vyote. Karatasi haizuii polisi. Lakini hapo tunazungumza juu ya vijana waliogusa swali la nani atatawala. Mambo yetu mengi ni mfereji, soko, choo cha shule, taa ya barabarani. Kwa mambo ya namna hii, ofisi nyingi hazitukamati. Zinatusahau tu. Na dawa ya kusahauliwa ni tarehe.

Kuna historia ambayo tulipaswa kufundishwa yote ku shule. Mwanzo wa 1990, Mobutu alizunguka inchi akiuliza watu wanataka nini. Zaire nzima iliandika: wafanyakazi wa Leta, maaskofu, walimu, wanafunzi. Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'sele, alitoa hesabu yake mwenyewe: memo 6.128. Kati ya hizo, alisema, 5.310 zilitaka chama kimoja kibaki lakini kirekebishwe, na 818 tu zilitaka vyama vingi. Asilimia 87 kwa 13. Halafu, siku ileile, akatangaza vyama vingi!

Watu wanakumbuka machozi yake ya siku ile. Mimi ninakumbuka hesabu. Memo zaidi ya elfu sita, na sisi tunatumia hesabu ya yule aliyeandikiwa. Wenye kuandika walipeleka, wakarudi nyumbani. Hawakuwa na namna ya kuweka kopi zao zote pamoja na kusema: hapana, Marshal, hesabu upya. Labda hesabu ilikuwa ya kweli, labda hapana. Ukimpa mutu barua na hesabu pia, umemwachia aseme ulichosema. Na siku kumi na saba baada ya hotuba, usiku wa 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi ya Lubumbashi, na mpaka leo tunabishana ni wangapi walikufa. Hata wafu wetu tulikosa kuwahesabu sisi wenyewe.

Sasa tazama Januari 2015. Bunge la taifa lilipitisha mradi wa sheria ya uchaguzi ambao ulifunga uchaguzi pamoja na hesabu ya raia wote. Kila mtu alielewa: hesabu ya watu ikichelewa, uchaguzi unachelewa, na aliye ku kiti anabaki. Watu walitoka kuanzia tarehe 19, kwanza Kinshasa, na wengi walipoteza maisha. Baada ya siku chache Seneti iliondoa kile kipande. Sisifu damu, na ile ilikuwa barabara, haikuwa karatasi. Lakini ombi lenyewe lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko memo zetu zote: kipande kimoja, ndani ya sheria moja, mbele ya baraza moja lenye siku yake ya kupiga kura. Muuza mikate aliweza kulisema. Seneta hakuweza kusema hakuelewa. Ni vilevile na vijana wa LUCHA, waliozaliwa Goma mwaka wa 2012: walipodai maji katika muji ulio kando ya Ziwa Kivu, mutu mwenye bidoni ku kichwa hakuhitaji afafanuliwe.

Hapo tunafika ku lugha, na hapa hasira yangu ni kwetu sisi wasomi. Memo zetu ni za Kifaransa, na Kifaransa cha kujionyesha. Mama mumoja wa sokoni, aliyetia jina lake ku memo ya kartie, aliniuliza: « Tulisainiaka nini, papa? » Alikuwa anauliza kweli, hakuwa anachokoza. Alitoa jina, alitoa namba ya simu, na hakujua ameomba kitu gani. Kama mkuu wa komini angemwita amuulize, angejibu nini? Mamlaka inajua vile, njo maana haiogopi orodha ya majina mia tano. Inaogopa watu kumi wanaoweza kusema jambo lilelile kwa maneno yao.

Eti Kiswahili si lugha ya ofisi. Kweli, lugha ya ofisi ni Kifaransa. Lakini kifungu cha 1 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kifungu cha 142 kinaamuru serkali itangaze sheria katika lugha hizo zote nne ndani ya siku sitini. Kama sheria inatakiwa kutushukia kwa Kiswahili, juu ya nini ombi letu lisipande kwa Kiswahili? Andikeni Kiswahili kwanza, lisomwe ku soko mpaka kila mutu aelewe, Kifaransa kifuate nyuma.

Tena tusisahau kwamba Desemba 2023, kwa mara ya kwanza, tulichagua washauri wa komini katika makao makuu ya majimbo. Wengi tulipiga kura na hatuwajui majina. Wale njo wanapaswa kuletewa habari ya mfereji, si balozi. Mambo ya taifa yana njia yake: kifungu cha 218 kinawapa raia 100.000 uwezo wa kuanzisha marekebisho ya Katiba yenyewe kwa ombi mbele ya Bunge ao Seneti. Lakini kabla ya kutafuta saini laki moja, tuone kama tunaweza kutunza vizuri saini arobaini.

Wiki iliyopita vijana fulani waliniletea memo ya kurasa sita juu ya soko lao. Niliwaandikia nyingine, na ninaiweka hapa ili mwenye kuihitaji aichukue:

« Kwa mkuu wa komini na washauri wa komini. Sisi wauzaji na wakaaji tuliosaini hapa chini tunaomba kitu kimoja: mfereji unaopita kati ya soko na shule ya msingi uzibuliwe na ufunikwe kabla ya mvua. Mvua ikinyesha, maji machafu yanaingia ndani ya madarasa mawili na juu ya meza za unga. Kila siku tunalipa kodi ya soko. Kopi za risiti ziko nyuma. Barua hii imepokelewa tarehe 1 Juni. Kufuatana na kifungu cha 27 cha Katiba, tunangojea jibu la maandishi kabla ya tarehe 1 Septemba. Siku hiyo, saa tatu asubuhi, tutasoma hapa sokoni jibu tulilopata, ao tutasoma kwamba hatukupata. »

Waliniuliza wapi pa kuweka amani ya Mashariki. Niliwaambia waandike barua ya pili.