"Makubwa!" na "Kumbe!": Tunavyozipokea Habari za Ajabu

Kwa mihula mitatu sasa wanafunzi wa somo la tafsiri katika idara yetu hapa Kampala wamekuwa wakifanya zoezi dogo kila Ijumaa. Kila mmoja huleta habari moja ya ajabu kutoka popote duniani, huifasiri kwa Kiswahili katika aya moja tu, kisha huibandika kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya ofisi ya idara. Anayepita huandika chini yake neno lolote linalomjia. Tulikusudia kuwazoeza vihisishi, ambavyo vitabu vyetu vingi vya sarufi huvipa nusu ukurasa mwishoni, baada ya viunganishi, kana kwamba mwandishi alikuwa amekwisha kuchoka.

Mwisho wa muhula uliopita tulizibandua karatasi zote na kuzisoma upya. Wanafunzi wetu wameendelea vizuri katika upatanisho wa ngeli na hata katika matumizi ya "amba-", jambo ambalo lilikuwa likitusumbua sana. Hata hivyo tuna lawama, na lawama yenyewe inatuhusu walimu pia, kwa kuwa baadhi ya miandiko iliyo chini ya habari hizo ni yetu.

Neno lililoshinda mengine yote ni "Makubwa!" Ni neno zuri. Ni kivumishi kilichoachwa bila nomino yake, kwa maana kila msikilizaji anajua kuwa ni mambo yanayosemwa, na aliyekulia katika lugha hii hujibu papo hapo, "Madogo yana nafuu." Baada yake yalifuata "Duniani kuna mambo" na "Ya Musa haya", ambalo ni kipande tu cha methali ya anayestaajabu ya Musa asijue kwamba ya Firauni yako njiani. Palikuwa pia na "Bannange!" nyingi, za Kiganda, zilizoandikwa chini ya aya za Kiswahili bila wasiwasi wowote. Hatukuzisahihisha. Anayesema "bannange" anawaita wenzake, sawasawa na anayesema "jamani", neno lililotokana na jamaa na kile kiambishi "-ni" cha kuwaita watu wengi. Lugha hizi mbili zimekubaliana kwamba mtu hapaswi kushangaa peke yake.

Lakini ukizisoma karatasi sitini kwa mkupuo mmoja unaona kitu kingine. Neno "Makubwa!" liliandikwa chini ya habari ya boga lililoshinda mashindano ya uzito, na likaandikwa vilevile chini ya habari ya watu waliokufa. Liliandikwa na watu waliokuwa wakipita kuelekea kantini. Halimtaki mtu asome mpaka mwisho, wala halimbakizii swali.

Tuchukue habari ya Boston, Marekani. Mwanafunzi mmoja aliifasiri hivi: mwaka 1919 mji ulifurika molasi, na watu wakazama ndani ya utamu. Chini yake tulikuta "Makubwa!" mara saba, "Wazungu wana mambo" mara mbili, na moja iliyosema "Kifo kitamu hicho!" Tunakiri kwamba hiyo ya mwisho ilituchekesha. Sasa tazama yaliyoachwa nje ya aya. Tarehe 15 Januari 1919, katika mtaa wa North End, tangi la chuma lenye kimo cha mita 15 hivi lilipasuka likiwa na lita zaidi ya milioni 8 za molasi. Wimbi lake lilibomoa nyumba na kupinda nguzo za reli ya juu. Watu 21 walikufa na takribani 150 wakajeruhiwa. Tangi hilo lilikuwa likivuja muda mrefu kabla ya siku ile, nalo likapakwa rangi ya kahawia ili uvujaji usionekane. Kampuni iliyolimiliki ilidai kwamba wanamapinduzi walilitega bomu. Kesi ilichukua miaka, na mwishowe kampuni ikaonekana ndiyo yenye kosa na ikalipa fidia. Hii ni habari ya tangi bovu na ya wafanyakazi na watoto waliokuwa karibu nalo. Katika nchi yetu, yenye viwanda vya sukari Kakira na Lugazi, wapo wanafunzi ambao wazazi wao wanaijua molasi kwa harufu na kwa uzito wake. Hao wangeweza kuifasiri habari hii kwa namna nyingine kabisa, lau wangepewa tangi pamoja na utamu.

Hapa mfasiri hakukosea hata neno moja. Aya aliyoipata ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kupunguzwa mpaka ikabaki kichekesho, naye akakihamisha kichekesho kizima kizima. Habari za ajabu huandikwa hivyo: kwanza mwandishi huamua msomaji atoe sauti gani, ndipo huchagua ni mambo gani yabaki. Yote yanayoweza kuizuia sauti hiyo huondolewa.

Boston ni mbali, na mtu anaweza kusamehewa kwa kucheka ya mbali. Habari iliyotusumbua zaidi ilitoka karibu, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kusini. Mwanafunzi aliyeileta aliipata kwa Kiingereza, katika mkusanyo wa maajabu ya dunia, na akaifasiri hivi: "Mwaka 1962 huko Tanganyika wasichana watatu waliangua kicheko kwa sababu ya mzaha. Kicheko hicho kiliambukiza nchi nzima na watu wakacheka mwaka mzima bila kukoma." Majibu yalijaa ukurasa. "Makubwa!" "Nami niambukizwe!" "Watanzania wana raha." Mwalimu mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa anashiriki kuandika makala haya, aliandika "Heri yao."

Tulipokwenda maktaba kuitafuta taarifa yenyewe, tulikuta kwamba iliandikwa na madaktari wawili, Rankin na Philip, katika jarida la kitabibu la Afrika ya Kati mwaka 1963. Wao hawakuandika juu ya raha. Mambo yalianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana, ya misheni, huko Kashasha karibu na Bukoba. Ni kweli kwamba walianza watatu. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameugua. Walimu hawakupatwa. Wasichana waliporudishwa makwao ugonjwa ulifuata njia zao: kule Nshamba watu 217, wengi wao vijana, waliugua mwezi wa Aprili na Mei. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Hakuna aliyekufa.

Na hicho kicheko kilikuwaje? Kilikuja ghafla pamoja na kilio. Kilidumu kwa dakika chache au kwa saa kadhaa, kikamwachia mgonjwa apumue, kisha kikarudi. Hakuna aliyecheka mwaka mzima: aliyeugua kwa muda mrefu kuliko wote aliugua siku 16, na siku hizo zilikuwa na vipindi vya nafuu. Wengine walihangaika na kupigana walipozuiliwa. Wengine walisema kwamba kuna vitu vinatembea kichwani, na kwamba wanaogopa, mtu anawakimbiza. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu, wasipate kitu. Wanavijiji wengine walidhani hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki, na tukikumbuka majaribio ya silaha yaliyokuwa yakitangazwa redioni miaka ile, dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mwaka 2007 mwanaisimu Christian Hempelmann aliichambua upya habari hii na kuonyesha kwamba mzaha haukuhusika hata kidogo. Kucheka kulikuwa dalili moja tu ya maradhi yanayowapata watu wengi kwa pamoja wanapobanwa na dhiki wasiyoweza kuisema. Wasichana hawa walikuwa bwenini, chini ya kanuni kali, katika nchi iliyokuwa imepata uhuru wiki saba tu kabla, huku kila mzazi akitarajia makubwa kutoka kwa mtoto aliyempeleka shule.

Sasa turudi kwenye tafsiri, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kiingereza kilimpa mwanafunzi wetu kitenzi kimoja tu, kucheka, naye kwa kutaka Kiswahili kitamu akakifanya "kuangua kicheko". Aangulaye kicheko anacheka kwa hiari na kwa furaha, na watu wote wanamsikia. Kitenzi hicho peke yake kiliwageuza wagonjwa kuwa watu wa karamuni. Lugha ilikuwa na njia nyingine. Tungeweza kusema wasichana "walishikwa na kicheko", kama mtu anavyoshikwa na homa. Hapo mtenda ni kicheko, na msichana ndiye anayetendwa. Tungeweza kusema "walikumbwa". Magazeti ya Tanzania na Kenya yanapoandika juu ya wanafunzi wanaoanguka shuleni hupenda kusema "walipagawa" au "walipandisha mapepo", na kitenzi cha namna hiyo huleta sababu yake mkononi: ukishakitumia umekwisha kuamua kwamba kuna pepo. Wapo wasemao "walijifanya", nao wameamua kwamba kuna uongo. "Kushikwa" hakuamui chochote. Husema tu kwamba mtu hakutaka. Kwa habari ambayo hata madaktari hawakuona sababu yake katika damu, tunaona kuwa hicho ndicho kitenzi cha haki.

Vilevile nomino. "Kioja" na "kituko" yamezoeleka katika vichwa vya habari za namna hii, na yote mawili yanamruhusu msomaji acheke kabla hajaingia ndani. "Mkasa" ni tofauti, kwa sababu mkasa humpata mtu, na lazima tumjue ni nani.

Kuna mwenzetu aliyetupinga katika kikao cha idara. Alisema kwamba tunalibebesha zoezi mzigo usio wake, na kwamba mtu ana haki ya kushangaa akapita zake. Nani ataweza kuomboleza kila habari ya dunia? Hoja yake tunaiheshimu, na kwa boga la mashindano tunakubaliana naye kabisa. Lakini yeye mwenyewe alitutajia yaliyotokea Oktoba 2023 katika shule moja ya wasichana huko Kakamega, Kenya, ambako makumi ya wanafunzi walipelekwa hospitali baada ya miguu yao kukosa nguvu. Picha za video za wasichana hao wakiyumbayumba zilizunguka Afrika Mashariki yote kwa siku chache. Wengi waliozitazama walicheka, wengine wakasema watoto wanatafuta likizo. Umbali kati ya Kashasha na Kakamega ni ziwa moja na miaka 61, na tulichokiona chini ya picha hizo kilikuwa kilekile kilichokuwa kwenye ubao wetu.

Ndipo tukafanya jaribio. Tulibandika upya habari ya Kashasha, safari hii aya mbili, tukiwa tumeweka tarehe, idadi, kilio na hofu ya kukimbizwa, na kitenzi "kushikwa". Hatukutoa maelekezo yoyote. Tuliiacha wiki nzima.

"Makubwa!" lilikuwepo bado, mara mbili. "Maskini" iliandikwa mara nne, na "Bambi", ambayo ndiyo maskini ya Kiganda, mara sita. Mmoja aliandika "Hujafa hujaumbika", methali ambayo, tofauti na "Wazungu wana mambo", humtia msemaji mwenyewe ndani ya yale anayoyashangaa. Lakini iliyotufanya tuandike makala haya ilikuwa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa penseli: "Kumbe walikuwa wagonjwa."

Katika karatasi sitini za mwanzo neno "kumbe" halikuonekana hata mara moja. Tulihesabu tena tukihakikisha. Sababu yake ni ya kisarufi kama ilivyo ya kibinadamu. "Kumbe" haliwezi kusemwa na mtu ambaye hakuwa na dhana ya awali. Hutamkwa pale tu mtu anapogundua kwamba alivyodhani sivyo, na karibu kila mara huvuta sentensi nyuma yake: kumbe ni wewe, kumbe mvua imenyesha, kumbe walikuwa wagonjwa. "Makubwa!" husimama peke yake na mazungumzo yakaisha. Kama habari haina kitu ndani yake cha kumrekebisha msomaji, "kumbe" haina pa kushika. Kwa hiyo muhula ujao karatasi itakayobandikwa haitapokelewa mpaka mfasiri awe ameongeza jambo moja ambalo chanzo chake kililiacha, na awe ameandika chini yake sentensi yake mwenyewe inayoanza na "kumbe". Tumekwisha kusikia manung'uniko kwamba kazi imekuwa maradufu. Ni kweli imekuwa maradufu.

Limebaki deni moja. Taarifa ya mwaka 1963 ina kichwa kinachozungumzia mlipuko wa kucheka katika wilaya ya Bukoba, nasi hatujakubaliana namna ya kukifasiri. Wengine wanataka "mlipuko wa kicheko", wengine wanalikataa neno "mlipuko" kwa kuwa linamletea msomaji sauti ya bomu na ya ukumbi wa vichekesho kwa pamoja. Upande mmoja unashikilia "maradhi ya kucheka", nao unajitetea kwamba wenyeji wenyewe, kwa lugha yao, waliyaita ugonjwa wa kucheka. Upande mwingine unasema tukiandika "maradhi" tutakuwa tumemsaidia mno msomaji. Karatasi yenye nafasi ya majibu imebandikwa nje ya ofisi, na penseli imefungwa kwa uzi kwa sababu ile ya kwanza ilichukuliwa.