Fimbo ya mbali: Istilahi za tarakilishi zisitufiche umbali

WAHENGA walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tazama jinsi methali hii ilivyopangwa. Fimbo ni ileile, mkono ni uleule na nyoka ni yuleyule. Kilichobadilika ni umbali tu, na umbali huo ndio unaoamua iwapo nyoka atakufa au atakung'ata.

Mpenzi msomaji, leo ninajadili makala ambayo, kwa maoni yangu, ni ufafanuzi mrefu wa methali hiyo, ingawa waandishi wake huenda hawajawahi kuisikia. Iliandikwa mwaka wa 1994 na watafiti wanne wa maabara ya kampuni ya Sun Microsystems nchini Marekani: Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall. Inahusu jinsi vipande vya programu vilivyo katika tarakilishi tofauti vinavyowasiliana kupitia mtandao. Utauliza, ukumbi wa lugha unahusianaje na mambo hayo? Unahusiana sana. Hoja kuu ya makala hayo ni hoja ya lugha: je, ni haki kutumia usemi mmoja kwa jambo la karibu na jambo la mbali?

Hebu tuanze na msingi. Waandishi wa programu wa siku hizi aghalabu hugawa kazi yao katika vipande viitwavyo objekti. Objekti hubeba data zake na vitendo vinavyoruhusiwa juu ya data hizo. Objekti ya akaunti ya benki, kwa mfano, hubeba salio na inajua kuweka, kutoa na kuonyesha. Objekti nyingine ikitaka kitu, haipekui mfuko wa mwenzake, bali humwomba. Alan Kay, aliyeongoza kazi ya lugha ya Smalltalk katika kituo cha Xerox PARC miaka ya 1970, alisisitiza kwamba jambo kuu hapa si objekti zenyewe bali ni jumbe zinazopelekeana.

Hapa pana mtego wa kwanza wa istilahi. Mtu anaweza kushawishika kuiita objekti 'yambwa', kwa kuwa ndilo neno la sarufi tulilofundishwa. Asifanye hivyo. Katika sarufi, yambwa hutendwa au hutendewa. Katika programu, objekti ndiyo hupokea ombi kisha ikatenda. Kama ni kuazima kutoka kwenye sarufi, ingekuwa karibu zaidi na kiima! Ndiyo maana sioni ubaya wa kulitohoa neno hili kuliko kulipa jina la Kiswahili lenye maana iliyopinda.

Sasa, objekti mbili zikiwa ndani ya tarakilishi moja, kuombana ni jambo la nanosekunde chache. Lakini itakuwaje moja ikiwa Nairobi na nyingine London? Jibu la kitaalamu lilitolewa mapema. Mwaka wa 1984, Andrew Birrell na Bruce Nelson, nao wa Xerox PARC, walichapisha maelezo ya mfumo unaoiwezesha programu kuita utaratibu ulio katika tarakilishi nyingine kana kwamba upo papo hapo. Siri yake ni mjumbe. Upande wa anayeomba huwekwa kijiprogramu kinachojifanya ndicho kinachoitwa. Kijiprogramu hicho hupokea ombi, hulifungasha liwe mfululizo wa baiti na kulituma. Upande wa pili mwenzake hufungua furushi, humkabidhi mwenyewe, hungoja jibu, hulifungasha na kulirudisha.

Miye kijiprogramu hicho ninakiita mshenga. Wapo wanaokiita wakala, lakini neno wakala limeshikwa na biashara ya pesa za simu, nalo linadokeza mtu mwenye mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Mshenga hana mamlaka hayo. Hubeba posa na kuleta jibu, basi. Tena kila Mswahili anajua kuwa mshenga si bwana harusi. Akichelewa kurudi, huwezi kujua kama amekwama njiani, kama wakwe bado wanajadiliana, au kama posa ilikubaliwa juzi na yeye ndiye aliyepotea akirudi.

Kufikia miaka ya 1990, hamu ya kumficha mshenga ilikuwa imepamba moto. Mwaka wa 1991 muungano wa kampuni uitwao Object Management Group ulitoa toleo la kwanza la CORBA, kiwango cha kuziwezesha objekti zilizoandikwa kwa lugha tofauti, katika mashine tofauti, kuombana. Ndoto ya wengi ilikuwa kwamba mwandishi wa programu asijali objekti iko wapi. Aandike kama kwamba zote ziko chumbani mwake, kisha wahandisi wa mtandao washughulikie mengine.

Ndoto hiyo ndiyo Waldo na wenzake waliyoipinga. Walitaja tofauti nne baina ya objekti ya karibu na ya mbali. Ya kwanza ni muda. Nairobi na London zimetengana kwa takriban kilomita 6,800. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 68, hata nyaya zingepita moja kwa moja, nazo hazipiti hivyo. Muda huo ni zaidi ya mara milioni kumi ya ule wa ombi la ndani, na hakuna mhandisi atakayeiharakisha nuru. Ya pili ni kumbukumbu: anwani ya kitu katika mashine yangu haina maana yoyote katika mashine yako. Ya tatu ni utendakazi wa wengi kwa wakati mmoja bila msimamizi mkuu wa kuwapanga foleni. Ya nne, ambayo kwangu ndiyo kiini, ni kuharibikiwa nusu.

Ndani ya tarakilishi moja, aghalabu mashine ikizima mnazima nyote. Hakuna anayebaki akijiuliza. Katika mtandao, mmoja huanguka na mwingine akabaki hai, akisubiri. Ombi limepotea likienda? Mpokeaji amezimika kabla ya kutenda? Ametenda na jibu likapotea likirudi? Mambo haya matatu ni tofauti kabisa, lakini kwa anayesubiri yote yana sura moja: kimya. Birrell na Nelson walikuwa wameukiri ukweli huu mapema. Katika mfumo wao, jibu likirudi, una hakika kazi imefanywa mara moja tu. Lisiporudi, kazi imefanywa mara moja au haikufanywa kabisa, na huambiwi ni lipi.

Ninawavulia kofia waandishi hawa kwa jambo moja zaidi. Mfano wao mkubwa ni NFS, mfumo wa kufungua mafaili yaliyo katika mashine nyingine, ambao ni bidhaa ya kampuni yao wenyewe. Walionyesha kwamba NFS humpa msimamizi chaguo mbili chungu: ama programu zigande hadi seva irudi, ama zipokee makosa ambayo hazikuandaliwa kuyapokea. Kumkosoa mwajiri wako kwa maandishi, ndani ya ripoti yenye nembo yake, si jambo dogo. Wasomi wetu wangapi huthubutu?

Nao hawakuishia kulalamika. Ann Wollrath na Jim Waldo walishiriki kubuni RMI, mfumo wa mawasiliano ya objekti ulioingizwa katika lugha ya Java mwaka wa 1997. Mtazamaji wa lugha ataona jambo la kupendeza hapo. Objekti ya mbali lazima itangazwe kuwa ya mbali, na kila ombi linaloweza kutumwa kwake lazima litamke kuwa linaweza kukumbwa na hitilafu ya umbali. Mwandishi asipoonyesha atafanya nini hitilafu hiyo ikitokea, programu haitakubaliwa. Huu ni upatanisho wa kisarufi, jamani! Kama vile Mswahili asivyoweza kusema 'kiti mzuri', mwandishi wa Java hawezi kuliandika la mbali kana kwamba ni la karibu. Umbali umepewa kiambishi.

Hata hivyo, makala hayo yana upungufu, na ninauona katika mambo mawili. Kwanza, waandishi wanaijenga hoja yao juu ya ngazi mbili, karibu na mbali. Ngazi ya tatu, ya objekti zilizo katika mashine moja lakini zisizoshiriki kumbukumbu, wanaigusia tu karibu na mwisho. Mswahili angeianza mapema. Sisi tuna hiki, hicho na kile. Najua mwanasarufi atanikumbusha kuwa 'hicho' hutegemea alipo msikilizaji, wala si kipimo cha nusu ya safari. Vema, na hilo ndilo linalonifaa: kinachohesabika si kilomita pekee bali pia nani anakimiliki, nani anakifikia, na nani atajua kikivunjika.

Pili, na hili ni zito zaidi, wanamzungumzia mwandishi wa programu tu. Mtu wa mwisho, anayeshika simu mkononi, hayupo katika makala hayo. Ilhali kimya hicho humwangukia yeye. Mfikirie mama mboga anayemlipa msambazaji wake alfajiri kwa simu. Anabonyeza, kiduara kinazunguka, kisha kimya. Atume tena? Akituma na ya kwanza ilikuwa imefika, amelipa mara mbili na mtaji wa siku umekwenda. Asipotuma na ya kwanza ilipotea, nyanya zitapewa mwingine. Wahandisi wana dawa: kila ombi hupewa nambari yake, na seva ikiona nambari ileile mara ya pili hurudisha jibu la awali bila kurudia kazi. Lakini dawa hiyo humsaidia pale simu inaporudia yenyewe. Akianza upya kwa kidole chake, hilo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ombi jipya. Hapo kinga iliyobaki ni lugha, maneno atakayoyasoma kwenye kioo.

Na hapa ndipo sisi watu wa Kiswahili tunapoulizwa. Ujumbe anaopewa mtu huyo, mara nyingi, ni wa namna hii: "Muamala haukufaulu." Kiambishi -ku- cha ukanushi wa wakati uliopita hufunga mlango. Kinadai kwamba jambo limechunguzwa na hukumu imetolewa. Lakini programu haijui! Haikupata jibu, basi. Tungesema "haujafaulu", kiambishi -ja- kingeacha mlango wazi, kwamba hadi sasa bado. Hata hivyo nayo ingekuwa inadai kujua hali ya muamala. Ujumbe wa kweli ni huu: "Hatujapata jibu. Tazama salio kabla ya kutuma tena." Hapa -ja- imekaa mahali pake, na mtendaji wa kitenzi ni yule asiyejua. Tofauti ya silabi moja inaweza kuwa tofauti ya pesa za kula.

Kwa hivyo nina pendekezo kwa wanaounda istilahi, wawe BAKITA, CHAKITA au vyuo vikuu vyetu. Kwa mawasiliano ya ndani ya mashine moja, tumieni kuita. Anayeita hutarajia labeka papo hapo. Kwa mawasiliano ya mtandaoni, tumieni kutuma. Anayetuma anajua kuna njia, kuna mshenga na kuna kungoja. Tusitafsiri 'wito wa mbali' neno kwa neno kwa sababu tu ndivyo wenzetu walivyosema mwaka wa 1984. Wenyewe wamekuwa wakirekebisha usemi huo tangu hapo. Roy Fielding, katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliueleza usanifu wa wavuti kama jumbe zinazojitosheleza, wala si miito inayojifanya ya karibu. Na gRPC, iliyotolewa na Google mwaka wa 2015, ilirudia usemi wa kuita, ila humruhusu mwitaji kuweka makataa: nisipojibiwa kufikia muda huu, siendelei kungoja.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba Kiswahili kitosheke na kutafsiri vitufe na menyu. Sikubaliani nao. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na lugha rasmi haiwezi kuishia mlangoni mwa maarifa. Mwanafunzi atakayejifunza sayansi ya tarakilishi kwa Kiswahili ataanza kuielewa kupitia maneno tutakayompa. Tukimpa maneno yanayoficha umbali, ataandika programu zinazouficha, na atakayelipa mara mbili ni yule mama mboga.