Sifa za Fundi Waya wa Daraja Mbili

Mtu aliyelelewa pwani, ambaye kipupwe kwake ni upepo wa kusi na shuka moja zaidi usiku, apandapo Arusha mwezi wa Juni au wa Julai hustaajabu kuona kuwa katika mji usio mbali na Ikweta binadamu huweza kutokwa na mvuke kinywani kila asemapo neno. Lakini Arusha imekaa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, miguuni pa Mlima Meru ambao kilele chake kimepita mita 4,500, na katika miezi hiyo wingu hushuka mlimani likaufunika mji hata adhuhuri, manyunyu yakaanguka pasipo kuitwa mvua, na jua likawa habari ya kusimuliwa. Aendaye kwa miguu hupata joto katika kwenda kwake, na aliye garini hufunga kioo; bali mwendesha bodaboda, amchukuaye abiria alfajiri kutoka Daraja Mbili mjini humo hadi Ngaramtoni au Usa River, hukaa kitako bila ya kujongea huku baridi ikimjia kwa kasi ya injini yake mwenyewe. Hujihami kwa koti zito la mtumba, kwa gazeti alilolitandaza kifuani chini ya koti, na kwa mifuko ya ngozi iliyofungwa kwenye mikono ya usukani. Hila hizo ni njema, ila zote hulinda joto lililokwisha kuwapo. Hakuna hata moja izaayo joto.

Kulizaa ni kazi ya umeme. Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, walioruka katika ndege zisizo na paa, baadhi yao walivaa nguo zenye nyaya za kupata moto, na katika miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Gordon Gerbing, akaanza kushona nguo za jinsi hiyo kwa ajili ya wapanda pikipiki. Sidai kwamba vijiwe vya Daraja Mbili vimejaa watu wenye fulana za umeme. Aombacho kijana wa bodaboda kwa fundi waya, aghalabu, ni soketi ya kuchajia simu, kwa sababu simu ndiyo imwitayo kwa abiria na ndiyo ipokeayo nauli. Hata hivyo soketi ni ile ile, iwe yalisha simu au yalisha fulana, na ustadi wa kuitia katika pikipiki ambayo kiwanda hakikuitengenezea nafasi ni mmoja. Huo ndio niliokusudia kuusifu, maana ni katika kazi ambazo zikifanywa vema hazionekani, na zikifanywa vibaya huonekana kwa moshi.

Shani ya kwanza ya fundi waya ni kwamba kabla hajashika koleo hushika hesabu. Pikipiki kubwa za watalii wanaopita mpakani Namanga huzalisha umeme uliopita wati 500, na wapandao juu yake waweza kuvaa moto toka shingoni hadi vidoleni. Bali pikipiki ya abiria, Boxer au TVS, huzalisha wati 100 hivi, pengine pungufu, na katika hizo taa kubwa pekee huchukua 35. Fulana nzuri ya volti 12 hudai wati 60, nayo glavu hudai 25 au zaidi. Betri ya pikipiki hiyo ina ampea-saa 5 tu, na fulana ya wati 60 huvuta ampea 5; basi injini ikizimwa na fulana ikaachwa inawaka, ndani ya saa moja hakuna betri tena. Simu huchukua wati 10, na zipo fulana hafifu za USB zilizo na haja ya kiasi hicho hicho, ambazo kwa maoni yangu ndizo zimfaazo mtu wa Boxer. Kijana atakaye soketi, na taa za rangi, na redio, na honi ya lori, vyote kwa pamoja, hujibiwa kwa upole, “Kaka, betri hii haina mali hiyo,” na fundi akisema hivyo amekataa fedha iliyokwisha kufika mkononi. Ni mafundi wangapi wa kazi nyingine wawezao jambo hilo?

Shani ya pili imenishughulisha zaidi. Nguo ya umeme si kitu ila waya uliofanywa kusudi uwe mgumu kupitika, ili umeme ukijisukuma humo utoe joto. Na James Prescott Joule, Mwingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha ukoo wake huku akifanya majaribio ya sayansi, alibainisha katika mwongo wa 1840 kwamba umeme ukizidi mara mbili katika waya ule ule, joto huzidi mara nne. Kanuni hii haichagui mahali. Waya mwembamba uliopitishwa chini ya tanki la petroli hutii sheria ile ile inayotiiwa na waya wa kifuani, nao hupata moto kwa uaminifu ule ule. Hivyo kazi yote ya fundi ni kuhakikisha kuwa joto linazaliwa pale linapotakiwa na halizaliwi njiani, na kwa hiyo huchagua waya mnene, huufupisha safari yake, na kila kiungo hukisokota, hukilehemu, kisha hukivisha mrija mwembamba anaousinyaza kwa kiberiti, kwa kuwa kiungo kilicholegea nacho ni fulana ya moto isiyo na mvaaji.

Nimewahi kukaa juu ya ndoo, upande wa kuelekea Unga Limited, nikimtazama mmoja wa mafundi hao kazini. Alifunua siti, akatoa waya wa moto kwenye betri, na karibu kabisa na betri, si mbali zaidi ya urefu wa kiganja, akaweka kishikio cha fyuzi. Kwa maana fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya humlinda aliye mwisho tu, na sehemu yote iliyotangulia hubaki bila mlinzi. Kisha akaleta rilei, akaiamrisha kwa waya mwembamba uliotoka kwenye swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukitolewa soketi ife na betri ilale salama. Alipofika shingoni mwa pikipiki aliacha waya uliolegea, akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, akaugeuza kulia mpaka mwisho, akainama kutazama kama kuna mahali unapovutwa au kusuguliwa na chuma, akaurudia mchezo huo huku injini ikinguruma. Soketi yenyewe aliielekeza chini na kuifunika kizibo cha mpira, akijua kwamba jioni pikipiki itapelekwa kuoshwa kwa maji ya pampu, na mwoshaji hana huruma na umeme wa mtu. Yale yote yalichukua muda mrefu kuliko alivyotazamia mwenye pikipiki, aliyeuliza mara kwa mara kwa nini tundu moja dogo lichelewe hivyo, na bei yake iwe kubwa kuliko ya tundu lenyewe dukani.

Katika kufunua kwake siti fundi alikuta fyuzi ya zamani imefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, tiba inayopendwa sana na waendeshaji waliokwama njiani usiku, na ambayo hugeuza mlinzi kuwa mpumbavu asiyeona mwizi. Hakumkaripia kijana. Aliibandua ile karatasi, akachomeka fyuzi ya ampea 10, na nyingine ya akiba akaibandika kwa tepu ubavuni mwa betri mahali panapofikika bila bisibisi, kisha akadai bei ya fyuzi mbili.