Kilema cha Vunjajungu

Wengi humpima mfugaji wa vunjajungu kwa idadi ya makinda aliowafikisha utu uzima. Kipimo hicho hakitoshi. Ufundi wake huonekana zaidi siku kinda anapotoka na mguu uliopinda au papasi lililoota vibaya: je, atamtupa, au atamsoma? Vunjajungu hukua kwa kujivua gamba mara kadhaa. Hujining'iniza kichwa chini, gamba likapasuka mgongoni, naye akajichomoa taratibu. Vilema vingi hupatikana saa hiyo. Hewa ikiwa kavu, gamba la zamani hung'ang'ania miguu. Chombo kikiwa kifupi, kinda hugota chini angali laini, na kiungo kikakauka kilivyopinda. Kwa hiyo huko Mlola, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, mfugaji asiutegemee ukungu wa nje peke yake. Chombo kilichowekwa karibu na mafiga ili kukimbia baridi hukauka upesi, na mguu wa kinda ndio utakaomwambia hivyo.

Kuna vilema vingine visivyomshtaki mfugaji. Kinda aliyekatika mguu huweza kuuotesha upya kadiri anavyojivua, ila wayo wa mguu huo kwa kawaida huwa na pingili nne badala ya tano. Hans Przibram, aliyeanzisha maabara ya Vivarium mjini Vienna mwaka 1903, alifuga vunjajungu wa Kiafrika wa jenasi Sphodromantis kizazi baada ya kizazi, akachunguza viungo vinavyoota upya. Ilionekana kwamba papasi likikatwa karibu na shina, pahali pake paweza kuota kitu chenye umbo la mguu. Kabla yake, mwanabiolojia William Bateson alikuwa amekwisha kukusanya visa vya viungo vilivyokosea mahali katika kitabu chake cha mwaka 1894. Karne moja baadaye, mwaka 1995, mwanajenetiki Edward Lewis alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Utafiti wake ulianzia kwa nzi wa matunda wenye viungo visivyo vya kawaida, wakiwemo wenye mabawa manne badala ya mawili. Mpango wa mwili ulijulikana kupitia miili iliyokwenda kinyume nao.

Watakaopinga watasema kwamba kilema cha kizuizini hakisemi lolote kuhusu vunjajungu wa msituni. Ni kweli kwamba hakitupi kiwango cha vilema huko nje, lakini sheria inayoupa mguu mpya pingili nne haijali kama kinda yumo chupani au kwenye mharagwe. Wengine watauliza kama si ukatili kumweka hai mdudu aliyelemaa. Asiyeweza kukamata windo, na asiyetaka kula hata akilishwa mkononi, hana haja ya kuteseka. Lakini aliyepungukiwa mguu mmoja wa nyuma hutembea, huwinda na hujivua tena, na gamba linalofuata laweza kumrudishia kiungo. Wala hapana haja ya kumkata yeyote, maana ajali za kawaida zinatosha kufundisha.

Basi, mfugaji, weka daftari kando ya chombo. Andika tarehe, kinda amejivua mara ya ngapi, kiungo gani kimeharibika, na hali ya hewa ilivyokuwa. Aliyekufa mhifadhi akiwa mkavu pamoja na maandishi yake. Kinda mzima huonyesha kwamba mambo yalikwenda sawa. Mwenye kilema huonyesha yalipokwenda kombo.